Meseji ya saa tatu nimeiona saa kumi: arifa za simu zinapotelea wapi?

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza, na oda zangu nyingi zinakuja kwa WhatsApp. Wiki iliyopita mteja aliniandikia saa tatu asubuhi kwamba gauni lake la send-off niliongeze urefu. Simu ilikuwa mezani mbele yangu, bando lipo, haikulia. Nimekuja kuiona meseji saa kumi jioni nilipofungua WhatsApp mwenyewe, zikaingia na nyingine saba kwa mkupuo. Kitambaa nilikuwa nimeshakikata. Siku nyingine naona kitu kimejitokeza juu ya kioo, nafagia vyote, halafu sikumbuki kilikuwa nini. Simu ni Android, nimekaa nayo miaka kama mitatu. Kijana mmoja amenishauri nipakue programu ya kurudisha arifa zilizopotea. Nipakue? Na binti yangu ana iPhone, naye analalamika hivyohivyo.

Jibu:

Mama, pole sana. Kitambaa kikishakatwa hakuna kitufe cha kukirudisha, na najua inavyouma kumweleza mteja jambo kama hilo. Nitaanza na ushauri wa kijana, kwa sababu huo unaweza kukuletea hasara kubwa kuliko ya gauni.

Usipakue. Programu za namna hiyo hazifanyi kazi mpaka uziruhusu kusoma kila arifa inayoingia kwenye simu. Kila arifa, mama: meseji za wateja, meseji za M-Pesa, na zile namba za siri za kutumika mara moja ambazo benki hukutumia ili uthibitishe muamala. Anayeziona namba hizo kwa wakati anaweza kuingia kwenye akaunti yako. Sisemi kila aliyetengeneza programu hizo ni mwizi. Ila huna njia ya kumtambua aliye mwizi na asiye, na unachokitafuta kimo tayari ndani ya simu yako bila kumkabidhi mtu ufunguo. Tena programu hiyo haiwezi kukuletea ya jana. Huanza kuandika kuanzia siku uliyoiweka.

Kama ulishaiweka, ingia kwenye Mipangilio, andika neno "arifa" kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha tafuta orodha ya programu zilizoruhusiwa kusoma arifa. Huwa ni fupi. Kama una saa ya mkononi inayoungana na simu, utaikuta humo, na hiyo ni halali yake. Ambayo huitambui, iondolee ruhusa kwanza, ndipo uiondoe kabisa kwenye simu.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Arifa ni hodi, na ujumbe ni mgeni aliyepo barazani. Ukifagia arifa umenyamazisha hodi tu, mgeni bado amekaa palepale anakusubiri. Meseji ya WhatsApp iko ndani ya WhatsApp, barua pepe iko kwenye sanduku lake, simu uliyopigiwa imeandikwa kwenye orodha ya simu. Kwa hiyo ulipofagia vyote hukupoteza meseji ya mtu. Ulichopoteza ni kujua hodi ilipigwa kwenye mlango upi. Hilo linatibika.

Tangu Android 11, iliyotoka mwaka 2020, simu nyingi za Android zina daftari la hodi, linaloitwa historia ya arifa. Ingia Mipangilio, kisha Arifa, utafute mahali palipoandikwa historia. Kwenye Samsung pamefichwa ndani zaidi, kwenye mipangilio ya ziada ya arifa. Usipopaona, rudi kwenye kile kisanduku cha kutafutia uandike "historia". Humo utakuta swichi. Iwashe leo, hata kabla hujamaliza kusoma jibu hili, kwa sababu daftari hilo haliandiki yaliyopita kabla ya kuwashwa. Watu wengi hukimbilia pale wakiwa tayari wamepoteza kitu, wanakuta pametulia kama ukurasa mpya, wanadhani simu ni mbovu.

Ukishaiwasha, utaona ulichokifagia muda si mrefu juu kabisa, na chini yake arifa za saa 24 zilizopita, zimepangwa kwa programu na kwa muda. Zikipita saa 24, zinafutika. Ndiyo maana nakushauri ulifungue daftari mara moja kwa siku, jioni unapofunga kazi, siyo kusubiri mpaka mtu alalamike. Kwenye simu nyingi, ukishusha pazia la arifa kwa kidole, utakuta neno "Historia" chini yake, hivyo huna haja ya kupita Mipangilio kila mara. Usitegemee picha humo, wala maandishi marefu yasiyokatwa. Na kama uliiambia WhatsApp isionyeshe maneno ya meseji kwenye kioo, daftari nalo litakuonyesha kwamba meseji iliingia tu, bila maneno yake. Kwako linatosha, maana ulichohitaji ni kujua ni nani na ni wapi.

Lakini historia ya arifa isingekuokoa na lile gauni. Pale hodi haikufagiwa. Kuna uwezekano haikupigwa kabisa, au ilipigwa kimyakimya. Hayo ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake ni tofauti, na kosa ninaloliona kila siku ni watu kubadilisha kila kitu kwa pamoja bila kujua wanatibu lipi. Mama mmoja aliwahi kuniletea simu amebadilisha milio minne na kuongeza sauti mpaka mwisho, kumbe meseji zenyewe zilikuwa haziingii kabisa mpaka afungue programu.

Kuna njia nzuri ya kutofautisha, nayo iko mikononi mwa mteja wako. Mwombe aifungue ile meseji aliyokutumia, aibonyeze na kuishikilia, kisha aangalie maelezo yake. WhatsApp itamwonyesha nyakati mbili: saa ulipofikishwa ujumbe na saa uliposomwa. Kama umefikishwa saa tatu na umesomwa saa kumi, basi simu yako ilikuwa nao tangu asubuhi ikakaa kimya. Kama umefikishwa saa kumi, simu yako haikuupokea mpaka ulipofungua programu. Angalizo moja: kama WhatsApp yako imeunganishwa pia na kompyuta, tiki ya pili, ile inayoonyesha ujumbe umefika, inaweza kuwa imetokana na kompyuta, siyo simu. Angalia kwenye vifaa vilivyounganishwa kabla hujatoa hukumu.

Kwa maelezo yako, nane kuingia kwa mkupuo pindi ulipofungua, mimi naegemea upande wa pili. Simu yako iliilaza WhatsApp.

Nikueleze kwa nini simu inafanya hivyo, kwa sababu ukielewa hutahangaika tena na mafundi wa mitaani wanaosema "network". Zamani kila programu ingetaka kukaa macho muda wote kusikiliza ujumbe wake, na betri ingeisha kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo Google waliweka mlinzi mmoja wa geti kwa ajili ya programu zote, huduma inayoitwa Firebase Cloud Messaging. Seva ya WhatsApp, yaani kompyuta yao kuu, inampa mlinzi hodi, mlinzi anaileta kwenye simu, simu inaiamsha WhatsApp. Anayetuma huandika kama hodi ni ya haraka au ya kawaida. Ya haraka huamsha simu iliyolala. Ya kawaida husubiri simu iamke yenyewe. Simu ikiwa haipatikani, mlinzi anaweza kuishika hodi hadi wiki nne, na WhatsApp nao huhifadhi ujumbe usiofika kwa siku 30. Ndiyo maana meseji zako hazikupotea, zilichelewa.

Kulala kwenyewe kulianza na Android 6, mwaka 2015. Simu isiyo kwenye chaji, kioo kimezimwa, imetulia mahali pamoja, huingia usingizini na huamka kwa vipindi, na kadiri inavyotulia ndivyo vipindi hivyo vinavyoachana. Mwaka uliofuata, Android 7 iliongeza usingizi mwepesi unaokuja hata simu ikiwa inatikisika, kwa hiyo mtikisiko wa cherehani mezani haukusaidii sana. Mwaka 2018 Android 9 ilianza kuzipanga programu kwa makundi kulingana na unavyozitumia: unayoifungua kila saa huachwa huru, unayoifungua mara moja kwa wiki hubanwa. Kwa WhatsApp ya fundi mwenye wateja hilo siyo tatizo. Kwa programu ya benki au ya kikoba ambayo hufungui mara kwa mara, ni tatizo kweli, na watu hawalijui.

Hayo yote bado yana busara yake, na hodi ya haraka inapenya. Taabu kubwa inatoka kwa watengenezaji wa simu wanaoongeza ubanaji wao juu ya ule wa Google ili waweze kusema betri inakaa muda mrefu. Samsung wana orodha ya programu zinazolala na nyingine za usingizi mzito. Xiaomi wana ruhusa ya programu kujiwasha yenyewe, na isipowashwa programu hukaa chini. Tecno, Infinix na itel, ambazo zote ni za kampuni moja, Transsion, huja na programu ya kusafisha simu iitwayo Phone Master. Hapo ndipo nataka ukague kwanza, kwa sababu programu za kusafisha zina kitufe kikubwa kinachovutia kubonyeza, na mtu anapoona "simu imekuwa nyepesi" hajui ameizima na WhatsApp. Kama umeizoea tabia hiyo ya kusafisha kila asubuhi, iache. Simu ya Android inajua kugawa kumbukumbu yake bila msaada wetu.

Ipo na tabia ya pili ya kufungua orodha ya programu zilizofunguliwa na kuzifagia zote. Kwenye Android ya kawaida haina madhara kwa arifa, lakini watengenezaji wengine huihesabu kama amri ya kuzima. Na kama uliwahi kuingia Mipangilio ukaisimamisha WhatsApp kwa nguvu, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote: haipokei hodi yoyote mpaka uifungue kwa mkono wako.

Basi fanya hivi. Bonyeza alama ya WhatsApp na uishikilie mpaka itokee orodha ndogo, chagua maelezo ya programu, ingia sehemu ya betri. Kwenye Android 12 na kuendelea utakuta hatua tatu: isiyo na vikwazo, iliyoboreshwa, na iliyowekewa vikwazo. Weka ya kwanza. Kama ni Samsung, iongeze pia kwenye orodha ya programu zisizolala kamwe. Kama ni Xiaomi, washa ruhusa ya kujiwasha. Kama ni Tecno au Infinix, pekua Phone Master na Mipangilio utafute mahali panapohusu kujiwasha kwa programu, uiruhusu WhatsApp. Palepale kwenye maelezo ya programu, angalia na sehemu ya data: kama umewasha kiokoa data ili bando lisiishe, WhatsApp inatakiwa iruhusiwe kutumia data hata wakati huo. Betri itapungua kidogo. Kwa mtu ambaye simu ndiyo kaunta yake, hiyo ni gharama ya biashara kama uzi na sindano.

Usifanye hivyo kwa kila programu. Chagua mbili au tatu zinazokulisha, nyingine ziache zilale.

Sasa tuchukue upande wa kwanza, endapo mteja atakuambia ujumbe ulifika saa tatu ile ile. Hapo simu ilipokea ikanyamaza, na mahali pa kwanza ninapopatazama ni Usinisumbue (Do Not Disturb), hali inayonyamazisha simu. Nataka nikae hapa kidogo kwa sababu kuna kosa ambalo ni la kwetu, watu wa saa za Kiswahili. Mtu anataka simu inyamaze kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Anaingia kwenye ratiba, anaandika 4:00 mpaka 12:00. Simu haijui saa zetu. Inachoelewa ni kuanzia saa kumi alfajiri mpaka saa sita mchana, na kila siku inanyamaza asubuhi nzima, wakati wateja wanaandika. Meseji ya saa tatu asubuhi inaangukia ndani ya muda huo. Nimekutana na kosa hili kwenye simu za watu wazima, wanafunzi, hata mwalimu mmoja wa hisabati. Fungua ratiba yako uisome taratibu: unachotaka wewe ni 22:00 mpaka 06:00, au kama simu yako inatumia saa 12, 10:00 yenye alama ya jioni (PM) mpaka 6:00 yenye alama ya asubuhi (AM).

Ukiwa hapo hapo, hakikisha umeruhusu wanaopiga kwa kurudia. Kwenye Android, mtu yuleyule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu italia hata ikiwa kwenye Usinisumbue. Waambie watu wa nyumbani: likitokea la dharura usiku, mpige mara mbili mfululizo. Hilo peke yake limewafanya wengi waache kuogopa kulala na simu iliyonyamazishwa.

Mahali pa pili ni kwenye arifa yenyewe. Tangu Android 8, ya mwaka 2017, arifa za programu moja zimegawanywa kwa aina, na kila aina ina mpangilio wake. WhatsApp ina aina ya meseji za watu, aina ya makundi, ya simu, na kadhalika. Ukibonyeza arifa kwa muda mrefu, simu inakuuliza kama aina hiyo ilie au iwe kimya. Wewe una vidole vyenye kazi. Umeshika mkasi, kidole kinatua juu ya arifa, kinakaa sekunde moja zaidi, unabonyeza neno bila kusoma, na kuanzia siku hiyo meseji zote za watu zinaingia kimya. Huwa zinakaa chini kabisa ya pazia, bila mlio, bila kutetemeka. Kuzirudisha, ingia maelezo ya WhatsApp, sehemu ya arifa, upitie aina moja moja. Pia ndani ya WhatsApp kwenyewe kuna mipangilio ya arifa, na moja inaitwa arifa za kipaumbele cha juu, ambayo ndiyo inayofanya meseji ijitokeze juu ya kioo. Iwe imewashwa.

Sauti yenyewe usiisahau: kwenye simu nyingi mlio wa kupigiwa na mlio wa arifa una kidhibiti chake kila mmoja, kwa hiyo simu inaweza kuwa inaita vizuri ikipigiwa huku arifa zikiwa kwenye sifuri. Na kama mtu mwingine ndiye aliyekuwekea simu ilipokuwa mpya: kuanzia Android 13, ya mwaka 2022, kila programu mpya huomba ruhusa ya kutuma arifa inapofunguliwa mara ya kwanza. Mwenye haraka akibonyeza "usiruhusu", programu hiyo haitapiga hodi maisha yake yote mpaka umruhusu mwenyewe.

Halafu kuna kundi la tatu ambalo hukulitaja, lakini kwa fundi mwenye wateja wengi lazima lipo. Meseji uliyoiona, ukaifungua, ukasema nitamjibu nikimaliza pindo hili, ukasahau. Kwa WhatsApp hiyo imeshasomwa, haitakukumbusha tena. Watu wengi huiita arifa iliyopotea, kumbe simu ilifanya kazi yake yote. Dawa ni ndogo: rudi kwenye orodha ya mazungumzo, libonyeze hilo uishikilie, liweke alama ya kutosomwa. Alama ya kijani inarudi na kukaa mpaka utakapolishughulikia. Tangu 2024 WhatsApp ina vichujio juu ya orodha, na kimoja kinakuonyesha zisizosomwa tu. Ukikibonyeza mchana na jioni, unaona wote ambao bado wanakudai majibu, hata waliosukumwa chini na makundi ya michango ya harusi.

Na hapa nitakuambia jambo ambalo hukuliuliza. Hamia WhatsApp Business. Ni bure, imekuwepo tangu 2018, inahamisha mazungumzo yako kwa namba ileile, na ina lebo za rangi unazoweza kubandika kwenye mazungumzo: oda mpya, anasubiriwa alipe, ameshalipa, oda imekamilika. Unaweza kuongeza za kwako, kwa mfano "vipimo vimebadilika". Pia unaweza kuweka jibu linalojituma lenyewe nje ya saa za kazi. Ningekuwa wewe, ningeweka pia sentensi hii kwenye ujumbe wa kuwakaribisha wateja wapya: "Ukibadilisha vipimo baada ya kuleta kitambaa, tafadhali nipigie simu." Kwa sababu jambo lisiloweza kurudishwa nyuma halifai kutegemea hodi peke yake, hata simu ikiwa nzima namna gani.

Makundi yale, yanyamazishe au yaweke kwenye kumbukumbu ya mazungumzo. Yakiwa huko hayatakupigia kelele, ila mtu akikutaja kwa jina au akijibu meseji yako utajulishwa. Kadiri hodi zisizo na maana zinavyopungua, ndivyo mkono wako utakavyoacha tabia ya kufagia vyote bila kusoma. Ingia Mipangilio, sehemu ya arifa, uone programu zilizotuma arifa siku za karibuni, na anayekutumia nyingi zaidi kwa faida ndogo umzime. Mara nyingi ni mchezo wa mtoto, au programu ya mikopo uliyoipakua siku moja.

Kuhusu pesa, maneno machache. Meseji za M-Pesa ni SMS, hazihitaji bando, kwa hiyo hayo ya kulala hayazihusu sana. Usipoiona, angalia kwenye programu ya meseji kama kuna folda ya taka na waliozuiwa. Wakati mwingine simu huipeleka huko kwa makosa. Angalia pia kama simu haijajaa, maana simu iliyojaa hukataa kupokea. Lakini usimpe mteja nguo kwa sababu ya meseji, wala usimkatalie kwa sababu hujaiona. Piga *150*00# uangalie salio lako mwenyewe. Matapeli wanajua kuandika SMS inayofanana na ya malipo, na fundi aliyezoea kuchelewa kuona arifa ndiye wanayemtafuta, kwa kuwa ameshazoea kuamini kwamba "itakuwa imeingia tu".

Binti yako mwambie hivi. iPhone haina daftari la historia. Arifa akishaifuta imekwenda, na hakuna mipangilio ya kuirudisha. Atabaki kutafuta ujumbe ndani ya programu yenyewe. Ila asichanganye kufuta na kutoona: arifa za zamani ambazo hajazifuta zinajificha kwenye kioo kilichofungwa. Aguse katikati ya kioo na kusukuma kidole kwenda juu, zitapanda. Akiona alama ya mwezi mwembamba juu ya kioo, simu iko kwenye hali ya kutosumbuliwa. Tangu iOS 15, toleo la mfumo wa iPhone la mwaka 2021, kuna pia mpango wa kukusanya arifa na kuzileta kwa pamoja saa maalumu za siku. Wengi huukubali siku ya kwanza bila kuelewa, kisha wanashangaa kwa nini vitu vinaingia kwa mafungu jioni. Aupekue kwenye mipangilio ya arifa, na WhatsApp aitoe humo. Kwake, anayepiga mara ya pili lazima apige ndani ya dakika tatu, siyo 15.

Ukishabadilisha ya betri, usiniamini mimi, jaribu. Chomoa simu kwenye chaji, zima kioo, iache mahali pamoja bila kuigusa kwa saa nzima, na umwombe binti yako aliye chumba kingine akutumie meseji baada ya dakika 50, aandike saa aliyoituma. Ikilia, vizuri. Isipolia, usifungue WhatsApp kwanza. Muulize binti anaona tiki ngapi. Tiki moja, simu bado inailaza programu, rudi kwenye betri na Phone Master. Tiki mbili bila mlio, rudi kwenye Usinisumbue na aina za arifa. Lifanye Jumapili, wakati cherehani imepumzika na meza imetulia, kwa maana hapo ndipo usingizi wa simu huwa mzito zaidi, na ikipita hapo itapita Jumatatu.